Upande Ambao Baba Hakuugusa

Kazini kwetu tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kuagiza mboga na matunda kutoka soko la Mabibo, na mtu wa kwanza niliyempa aijaribu alikuwa baba yangu. Ni mstaafu wa bandarini, anaishi Temeke na mama, na hana subira na kitu cha kijinga. Sifa hiyo niliihitaji. Programu ilirekodi kila mahali kidole kilipogusa kioo, kisha ikatutolea picha: palipoguswa sana pakawa pekundu, pasipoguswa pakabaki bluu. Nilimweleza baba yote hayo, akacheka.

"Haya, nipelelezeni."

Picha yake ilikuja nusu nyekundu, nusu bluu. Matunda, tuliyoyapanga kulia, aliyagusa karibu yote. Mboga za kushoto hakugusa hata moja.

"Mzee wako ana ugomvi na nyanya?" bosi wangu akanitania.

Nilimbishia. Nilisema kosa ni la mpangilio wetu, nikahamishia mboga kulia na matunda kushoto, nikampa baba tena. Safari hii aliagiza nyanya, bamia na vitunguu. Matunda ndiyo yakabaki bluu. Nikampigia simu.

"Shikamoo baba. Mbona leo hutaki mapapai?"

"Marahaba. Si mmeyatoa?"

"Yapo, baba. Kushoto."

"Kushoto wapi, mwanangu? Mie sioni kitu huko."

Nilikata simu nikaenda Temeke.

Nyumbani tunakula sinia moja, na tangu wadogo tulifundishwa kila mtu ale cha mbele yake. Alichoacha baba kilimaliziwa na mwingine, kwa hiyo hakuna aliyejua anaacha kipi. Jioni ile nilimwomba mama ampakulie kwenye sahani yake peke yake. Alikula wali wa kulia wote, wa kushoto hakuugusa, akasema alhamdulillahi na kuomba maji ya kunawa. Mama alidhani anamtania. Mimi nilitoka uani nikalia.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi kidogo, kilichopita bila kumwangusha. Macho yenyewe ni mazima, ila ubongo haupokei tena vya upande wa kushoto. Nilimuuliza kama hali itarudi kuwa kama zamani. Alisema tusitegemee sana, na alisema kwa upole mpaka nikamchukia.

Ofisini wenzangu walinipongeza eti nimegundua jambo kubwa kupitia zile picha. Kugundua nini? Kwamba baba yangu amekuwa akivuka barabara zenye bodaboda huku akiona nusu tu?

Nilimkataza kutoka peke yake, akaja juu. "Mie si mtoto!" Mama hakubishana naye. Alijitanda khanga, akatoka naye, na tangu siku ile baba haendi popote bila yeye. Mama hutembea kushoto kwake, ili chochote kitakachotokea huko kimkute yeye kwanza.

Juzi nilikuwa nyuma yao tukirudi kutoka dukani. Walikuwa wamenyamaza kwa muda. Ghafla baba akasimama, akatazama kulia, kisha akanigeukia na uso wenye hofu.

"Mama yako kabaki wapi?"

Mama alikuwa pale pale, bega kwa bega naye.