Nani Atoswe Majini
Darasani walimwita Shangazi, kwa kuwa alijiunga na chuo kikuu baada ya kulea watoto wake wakakua. Siku moja mhadhiri aliwachezesha mchezo wa kujenga ushirikiano: mashua inazama, kila kundi likubaliane nani atoswe. Makundi mengine yalibishana hadi sauti zikawakauka. Kundi la Shangazi halikubishana.

"Shangazi, wewe umeshakula chumvi nyingi," alisema kijana wa kundi lake aliyezoea kunakili kazi za Shangazi. Wenzake wakacheka, wote wakanyoosha mikono kumuunga mkono.

Mhadhiri akafurahi. "Hawa ndio wanaojua kushirikiana! Wapigieni makofi."

Shangazi naye akapiga. Tangu hapo alikaa nyuma kabisa, peke yake, mpaka akahitimu, na hakuna aliyemuuliza kulikoni.