Udongo wa Ndoo

Fundi Barat alijifunza kutembea ndani ya udongo. Baba yake alikuwa akikanyaga udongo na makapi ya ngano kwa miguu mitupu, na mtoto akikanyaga nyuma yake. Nusu ya kuta za mtaa wetu hapa Yazd zilikandikwa kwa kazi ya miguu hiyo minne. Kisha saruji ikaja, tukaona haya kuishi kwenye udongo. Kisha watu wa Tehran wakaja kuupiga picha udongo, tukaona haya kuishi kwenye saruji. Barat hana haya, ana mabinti watatu. Akanunua ndoo ya rangi. Siku hizi anapaka udongo wa uongo migahawani, na nyufa anazichora kwa brashi ya wanja ya mkewe.

Mwezi uliopita aliitwa na Farzin, ambaye tunamwita mhandisi kwa sababu anavaa miwani. Mama yake, Bibi Khavar, alikuwa ametoa sharti: jiko la fleti mpya likimkalia moyoni kama la kwake, atahama, na nyumba yake ya udongo ivunjwe. Lisipomkalia, asiulizwe tena.

"Paka kaunta tu," Farzin alisema. "Kwingine mama hatazami."

Barat aliijua nyumba ile. Jiko la humo lilikandikwa na baba yake mwenyewe. Hata hivyo alipaka siku tatu, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi, na hajawahi kupaka vizuri hivyo.

Bibi alipokuja, akapitisha kiganja juu ya kaunta. "Mashallah, fundi. Mkono wako usiume."

Farzin akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Kisha Bibi akanyunyiza maji kidogo, akainama, akanusa, kama tufanyavyo sote jioni za joto ili ukuta wa udongo utoe harufu. Akanusa tena. "Inanuka kiatu kipya."

"Harufu itakuja, mama."

"Itoke wapi? Umeiagiza?"

Barat akainuka ajitetee. Siku tatu za kuvuta harufu ya rangi zikainuka naye, akaanguka chali. Farzin akakimbilia marashi. Bibi akafungua mkoba, akatoa bonge la udongo lililofungwa leso, akalilowesha, akamwekea puani.

"Nimelibandua nyuma ya jiko langu," alisema. "Ningezimia huku kwenye zege lenu, mngeniamsha na nini?"

Barat akafumbua macho, akaligeuza bonge mkononi. "Hii ni kazi ya baba. Makapi mafupi hivi alikata yeye tu."

"Fundi," Farzin akabembeleza, "mwambie mama ni yaleyale."

Barat akaitazama kaunta, kazi nzuri kuliko zote za maisha yake. "Mhandisi, nimezimia kwa yangu, nimeamka kwa ya baba. Niseme nini tena?"

Bibi akarudi kwake kabla chai haijapoa. Fleti wamepanga wenzetu wa Tehran; kaunta wanaipiga picha kila siku.

Ijumaa Barat alivua viatu uani kwa Bibi, ili azibe tundu la nyuma ya jiko.

"Kanyaga, wewe! Baba yako alikuwa anakanyaga huku anaimba."

"Baba hakuwa na magoti haya, Bibi."