Ubaridi wa Dakika Kumi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi wa magari kwenye kituo cha Kawangware 46, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko sanduku langu la vifaa. Kwa hiyo mzee mmoja, mkuu wa karakana ya kampuni fulani Industrial Area, aliponiletea gari lake lenye mtambo wa kupoza hewa, nikamwambia kazi hiyo naijua. Uongo mtupu. Kwetu kupoza hewa kulikuwa ni kushusha kioo.

"Fundi, ukiweza hii, Jumatatu kuja kwangu," alisema. "Niko na nafasi moja ya kudumu."

Kazi ya kudumu! Nilikuwa nimekaa mtaa wa mabanda wa Gatwekera miaka sita, nikiamka kila asubuhi bila kujua kama nitapata gari la kutengeneza au nitashinda nikiota jua. Mke wangu aliposikia, aliifua ovaroli yangu mara mbili.

Mzee alikuwa amenunua kompresa mpya na chupa mpya ya kukaushia gesi, ya chuma, yenye vifuniko vya plastiki midomoni. Sasa, sisi mafundi wa jua kali, tuliofanya kazi nje bila karakana, tulikuwa na desturi: kifaa hakiingii kwenye gari kabla hakijaoshwa. Radieta, kabureta, pampu, vyote vilipita kwenye karai la maji ya sabuni, kisha vikaanikwa juu ya gunia, mteja aone kwamba fundi ni msafi. Nikang'oa vifuniko, nikaiosha chupa nje na ndani, nikaianika nusu siku.

Nilipomaliza kufunga, fundi wa friji kutoka mtaa wa jirani wa Kabiro alikuja akatia gesi. Baridi ikatoka! Nikaweka uso mbele ya tundu la hewa, nikacheka peke yangu. Baada ya dakika kumi hewa ikarudi kuwa ya kawaida. Nikazima, nikangoja, nikawasha: baridi tena, dakika kumi, kwisha. Nikabadilisha mkanda. Nikakagua fyuzi na feni. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo nikitafuta gesi inapotorokea, nisione kitu. Siku ya tatu nikamwita tena yule wa friji.

"Hii chupa uliosha na maji?" aliuliza.

"Si lazima ioshwe?"

"Wacha wewe! Umeimaliza. Ndani iko na dawa ya kunyonya unyevu, sasa imeshiba maji. Maji yanaganda, yanaziba njia. Ukizima, yanayeyuka. Hapo ni chupa ingine tu."

Na chupa ile mzee alikuwa ameiagiza ng'ambo. Nikakaa juu ya tairi kuukuu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja mapema, akakaa.

Haki ya Mungu nilikusudia kumwambia. Lakini mzee alifika Ijumaa jioni, gari limepumzika mchana kutwa. Akawasha, baridi ikampiga kifuani.

"Wewe ni fundi kweli! Jumatatu saa mbili, usichelewe."

Nikamfungia mlango wa gari. Akapandisha vioo vyote akaondoka, nami nikijua kwamba kabla hajafika mjini atavishusha.

Jumatatu nilitembea kutoka Gatwekera mpaka karibu na lango la karakana. Gari lake lilikuwa ndani, vioo vyote vinne vimeshushwa. Nikageuka. Nilimnyima nafasi ya kunifukuza, na ya kunisamehe pia.

"Wamesema nini?" mke wangu aliniuliza mlangoni.

"Mzee amepea mtu wa kwao hiyo kazi."

"Watu kama hao Mungu anawaona," alisema, akanipikia chai.

Miaka mingi, kila nilipokosa kazi, alimlaani mzee yule, na wanangu wakakua wakimchukia, yeye na kabila lake zima. Nami nilikaa pale pale mezani, nikinywa chai.