Kumtoa Mjomba Kwenye Jazi

Mama alinituma Dodoma nikamrudishe mdogo wake. Safari yangu haikuwa na sababu nyingine. Mjomba Hassani alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, hadi mashirika yalipoanza kufungwa moja baada ya jingine, kama milango ya nyumba inayohamwa. Shirika lake lilikuwa na bendi, kama yalivyokuwa mengi siku zile. Siku ya kugawana vilivyobaki, wenzake walibeba feni na makabati. Yeye akabeba saksafoni. Kisha, badala ya kurudi kwao Kondoa au kubaki nasi Magomeni, alipanda treni akashuka Zuzu, kituo kimoja baada ya Dodoma, mahali ambapo hatuna ndugu hata wa kusingizia. Barua yake ilikuwa fupi: "Nimepata watu wa kupiga nao jazi. Msinihangaikie."

Mama alinitaka nimsomee barua hiyo mara mbili.

"Mtu mzima, kafiwa na mke, hana kazi, yuko huko anapuliza bati," alisema. "Nenda ukaniangalizie kama kichwa chake kizima. Na urudi naye."

Nilikubali upesi, kwa sababu jazi sikuipenda. Sizungumzii bendi zetu za dansi zilizolipaka neno hilo kwenye ngoma zao; hizo nilizicheza hadi soli zikaisha. Nazungumzia ile jazi ya santuri za mjomba, isiyo na mwimbaji wala kiitikio. Niliisikia kama watu wanne wanaogombea simu moja. Mimi ni mwandishi wa riwaya, tena wa riwaya moja tu mpaka sasa, na nimezoea jambo lianze, liende, lifike. Jazi ilianza, ikaenda, ikasahau ilikokuwa ikielekea.

Jumatano jioni treni iliondoka Dar es Salaam, nami nikalala nimekumbatia mkoba wenye kanzu mpya ya mjomba na chupa ya achari ya mama.

Alhamisi alfajiri tulikuwa Kilosa. Akina mama walinyanyua masinia ya vitumbua hadi madirishani, na mvuke wake ukaingia behewani kabla ya jua. Kutoka hapo reli inapanda ikifuata mto, inajikunja milimani, na unadhani haitatoka. Halafu, baada ya Gulwe, milima inakuacha. Sijui nieleze vipi ukubwa wa anga ya Ugogo kwa mtu aliyezoea mapaa ya Magomeni. Ardhi ni ya rangi ya ngozi ya simba, vichaka vya miiba vimesimama mbalimbali kama watu waliokosana, na upepo haukomi. Tulipita Kikombo, tukasimama Dodoma kwa muda mrefu, watu wengi wakashuka na mabegi ya ofisini. Nilibaki na wachache hadi kituo kilichofuata.

Zuzu, saa nane mchana. Mtu wa kwanza niliyekutana naye alikuwa amechutama kando ya reli akigonga msumari kwa nyundo ndefu.

"Mbukwa!" alinisalimu kwa Kigogo.

Nilimjibu kwa Kiswahili na kumwambia namtafuta Hassani aliyetoka Dar es Salaam.

"Hassani wa firimbi kubwa?" Aliweka nyundo begani. "Wewe ndiye mpwa wake. Una masikio yake, ila yako yanaonekana mapya, hayajatumika."

Huyo alikuwa Ndahani, fundi wa gengi ya reli, kikosi cha kutengeneza njia. Mjomba alikuwa amepanga chumba nyumbani kwake, nyumba ya tembe yenye paa bapa la udongo. Tulimkuta uani ameketi kwenye kigoda, amekonda, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, saksafoni magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Hakushangaa hata kidogo. "Dada kakutuma."

"Amenituma nikusalimu."

"Na kamba ya kunifungia umeiweka wapi?"

Mbeleje, mke wa Ndahani, alicheka hadi akaweka chini mwiko. Alitupakulia ugali wa uwele na mlenda, na wakati tunakula mjomba alinieleza hali yake bila kuficha. Mjini Dodoma mama mmoja wa Kichaga, Mama Shose, alikuwa amefungua hoteli. Bunge lingeanza Jumanne, wageni wangejaa, naye alitaka watu wa kupiga muziki jioni hadi mwisho wa kikao. Alikuwa amewapa Jumamosi, saa kumi, awasikilize.

"Akitukubali, nina kazi," mjomba alisema. "Akitukataa, Jumapili tunapanda treni mimi na wewe. Siwezi kukaa hapa kula mlenda wa watu bure."

"Nani kakwambia bure?" alisema Ndahani. "Unatulipa kwa makelele."

Nililala nikiwa na amani. Niliona kazi yangu imeshafanyika: Mama Shose angewasikia mara moja tu, na safari ya kurudi ingekuwa ya watu wawili.

Ijumaa jioni walifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Mjomba alipuliza saksafoni. Mbeleje alibana kati ya mapaja ngoma nyembamba ya muheme, ambayo kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake. Ndahani alipakata ilimba, sanduku la mbao lenye vyuma vingi vyembamba vya kubonyezwa kwa vidole gumba. Nilimtazama mjomba nikitafuta dalili za kuchanganyikiwa. Sikuona. Ila muziki sikuuelewa. Zaidi ya yote, ile ilimba ilikuwa na mkwaruzo: kila sauti ilifuatwa na mvumo, zzz, kama redio yenye betri zinazokufa.

"Kuna chuma kimelegea humo?" niliuliza.

"Kilicholegea ni masikio yako," alijibu Ndahani.

Mjomba alinihurumia. "Usitafute wimbo," alisema. "Chagua mtu mmoja, mfuate. Akipotea, potea naye."

Nilimchagua yeye. Nilimfuata kwa dakika mbili, akapotea, mimi nikabaki nikihesabu mbuzi.

Jumamosi asubuhi ndipo nilipoharibu. Ndahani alikuwa kazini, Mbeleje kisimani, mjomba anapiga pasi kanzu mpya. Nilitaka angalau nionekane mgeni mwenye adabu. Ilimba ilikuwa imeegeshwa ukutani, vumbi tele. Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye utando wa buibui nyumbani kwake ni aibu kubwa kuliko deni. Nilichukua kitambaa, nikafuta mbao, nikafuta kila chuma. Nilipoligeuza sanduku nikaona matundu mawili, na juu ya kila tundu utando mweupe wa buibui. Niliingiza kidole, nikauzungusha, nikautoa wote. Nilijisikia vizuri sana.

Saa saba Ndahani alirudi, akanawa mikono, akaipakata ilimba na kubonyeza. Sauti ilitoka safi, ya mviringo, kama tone la maji. Nilitabasamu. Yeye alibonyeza tena, akaligeuza sanduku, akachungulia matundu.

"Nani kagusa?"

"Mimi nimelisafisha. Lilikuwa na buibui."

Mbeleje aliketi chini akaziba mdomo. Ndahani alinitazama kama mtu aliyeletewa mtoto wake kanyolewa nyusi.

"Huyo buibui nimemweka mimi," alisema polepole. "Utando ule ndio koo. Bila koo hili ni sanduku la misumari."

Kumbe ule mkwaruzo uliokuwa ukiniudhi ndio waliokuwa wakiutafuta. Kabla sijaomba radhi, mjomba alitoka ndani na kanzu yake mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mjomba, niambie kweli. Na hili pia dada kakutuma?"

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kurudishiwa muswada na neno moja tu juu yake. Hakuna kilichonichoma kama swali lile. Kila mtu pale uani alijua ninafaidika wao wakishindwa. Niliapa kwamba sikujua. Niliona macho yake yanataka kuniamini na hayawezi.

"Utando kama huo unapatikana wapi?" niliuliza.

"Ukutani, ndani, mahali pasipofika moshi," alisema Mbeleje. "Ni nyumba ya mayai yake, nyeupe, bapa kama kifungo cha shati. Kwetu imeisha. Tulitumia ile."

Kiberenge, kigari cha reli cha gengi, kilikuwa kinakwenda mjini kuchukua vifaa saa nane kamili, na msimamizi alikuwa amekubali kuwabeba. Nilikuwa na saa moja. Nilitoka mbio.

Nyumba ya kwanza nilibisha hodi.

"Nani?"

"Mgeni. Naomba utando wa buibui."

Kicheko cha wanawake watatu kililipuka. "Jamani! Mjini mmefunguliwa biashara huria, mna sabuni za kila rangi, hata utando mmekosa?"

Waliniacha nikatazama kuta zao. Hakuna. Nyumba ya pili walikuwa wameipaka udongo mpya juzi. Ya tatu mwenyewe alikuwa shamba. Ya nne na ya tano zilikuwa na moshi. Habari zilinitangulia; nilipofika ya sita, mama mmoja mnene alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri na taa ya chemli.

"Ndiye wewe uliyemkata koo Ndahani? Ingia, mwanangu, uangalie nyuma ya ghala la mtama. Mimi ni mvivu wa kufagia, Mungu ananisamehe."

Nyuma ya ghala kulikuwa na vifungo vyeupe saba. Mama yule alivibandua vitatu kwa ncha ya kisu, akaniwekea kwenye karatasi ya daftari. Nilirudi nikitembea kinyumenyume, mgongo ukikinga upepo, nikiogopa hata kupumua. Katika maisha yangu sijawahi kubeba kitu chepesi hivyo na kikawa kizito hivyo.

Ndahani alinyoosha utando mmoja juu ya tundu la kwanza, akaubana kwa nta ya nyuki. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili. Wa tatu ulichukuliwa na upepo. Akabonyeza.

Zzz.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Sauti ileile ya jana, na sasa niliipokea kama mtu anavyopokea kikohozi cha mtoto aliyeopolewa majini. Mjomba alinikaribia. Alinipa saksafoni niibebe.

Saa nane kiberenge kiliondoka, sisi wanne tumekaa juu ya mbao, miguu inaning'inia. Nchi tambarare ilipita pande zote mbili, mashamba ya mizabibu yakaanza kuonekana, kisha mabati ya mji.

Saa kumi, Dodoma mjini. Mama Shose alitupokea uani akiwa na fungu la funguo kiunoni. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akawaita wapishi wake wawili nao wasikilize. "Anzeni, baba. Nina nyama jikoni."

Wakaanza. Safari hii sikumchagua mjomba. Nilifuata ule mvumo, maana nilikuwa nimeuhangaikia, nikaujua kama mtu anavyomjua aliyemuuguza. Uliponyamaza, nilisikia kwa nini ulinyamaza: saksafoni ilikuwa imeingia na jambo zito, na ilimba ilikuwa imeipisha. Muheme haukuwajibu wote wawili, uliwashikia tu mlango. Kisha mjomba akavunja sauti yake mwenyewe, akaikwaruza kooni, na ikawa na mvumo kama wa ilimba. Wangeweza kuitoa safi, lakini hawakutaka, kwa sababu yaliyowapata hayakuwa safi. Nilimsikia mke wake aliyemzika, nikasikia stoo iliyofungwa kwa kufuli, nikasikia mtu ambaye bado ana la kusema. Wale niliodhani wanagombea simu walikuwa watu wanaosikilizana kuliko wote niliowahi kuwaona. Sikupotea. Au nilipotea nao, sikujali.

Walipomaliza, mpishi mmoja alikuwa amesahau kijiko mkononi. Mama Shose aliinuka.

"Hicho kinachovuma humo ndani ni nini?"

Ndahani alinitazama kwanza. "Ni buibui, mama."

"Njooni naye Jumanne." Akageuka kwenda jikoni, akageuka tena. "Na yule kijana wenu anayelia pale, mpeni maji."

Mjomba alikuja akaniwekea mkono kichwani, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. "Nimekuamini," alisema. "Ungekuwa umetumwa, usingelia."

Jumapili nilipanda treni peke yangu, na mkoba mtupu isipokuwa zabibu alizonifungia Mbeleje. Nilirudi na somo dogo: nikisikia muziki nisioujua, kwanza natulia na kuweka mikono mifukoni. Huenda ninachotaka kukifuta ndicho kinachouimbisha.

Jumatatu asubuhi Mama alinikuta mlangoni, akatazama nyuma yangu.

"Hukurudi naye."

"Sikurudi naye."

"Kichwa?"

"Kizima, Mama. Kesho anaanza kazi. Watu wanamsubiri saa kumi na mbili jioni."

"Watu wanamsubiri?" Aliegemea mlango. "Hassani?"

"Wanamsubiri. Akichelewa watamtafuta."

Mama alirudia maneno hayo kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akafungua kilemba, akaenda chumbani, akalala usingizi mzito asubuhi yote. Kitu hicho hakuwa amekifanya tangu walipomzika wifi yake.