Siku Nilipombeba Mama Mkwe Bila Cheti

Jamani, kuna aibu ambazo mtu hufaulu kuzizika, na kuna hii yangu, ambayo miaka ile kila nikiingia mtaani kwetu Bondeni nilikuta watu wameshaanza kuisimulia, tena wameitia chumvi, kwa hivyo afadhali niwape mimi mwenyewe ikiwa mbichi. Nilimgusa mama mkwe wangu. Nilimgusa kwa mikono yote miwili, mchana kweupe, mbele ya askari, na chanzo chake ni cheti cha ukaguzi wa gari.

Kwetu Waluhya (tulikuwa wengi Nakuru, baba zetu waliletwa na kazi ya reli) mama mkwe huheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, huketi naye benchi moja, huli mbele yake, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia majanini. Mimi nilikuwa namchumbia Respa, ambaye wazazi wake waliishi kwenye shamba la mzungu karibu na Molo, na nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea kabeji na viazi hadi soko la Nakuru. Kijana mwenye pikapu miaka ya hamsini, hebu fikirieni. Nilivimba kichwa hadi nikawa siwasalimii watu wa baiskeli.

Basi Mama, ndiye huyo mama yake Respa, akapata mkutano wa akina mama wa kanisa kule Nakuru, akapanga kwenda na gari moshi. Mimi kwa kiherehere changu nikatuma neno kwamba mama yake Respa hawezi kubanwa kwenye behewa na mimi nipo. Sasa, cheti cha pikapu kilikuwa kimeisha wiki iliyotangulia, na sikwenda kutafuta kingine kwa sababu nilijua fika mkaguzi angekanyaga breki zangu mara moja tu na kunifukuza (zilitaka kukanyagwa-kanyagwa kwanza ndipo zikumbuke kazi yao). Nikajiambia cheti ni karatasi tu, karatasi haisimamishi gari. Bima ninayo, nimeshalipa, wasiwasi wa nini?

Siku ya safari Mama aliketi nyuma juu ya kiti cha jikoni, katikati ya magunia, akiangalia tulikotoka, ili tusionane hata kwenye kioo. Respa akakaa mbele nami kama mjumbe, na maneno yote yakapitia kidirisha cha nyuma ambacho hakikuwa na kioo.

"Mwambie kijana wako apunguze, nguo yangu inajaa vumbi."

"Mama anasema upunguze."

"Mwambie nimepunguza."

Tulipoipita Sachangwan na barabara ikaanza kuteremka, nikakanyaga breki, mguu ukaenda hadi chini. Nikakanyaga tena na tena. Hapo mtu mwenye akili angepiga kelele watu washike mbao, lakini mimi (na hapa ndipo mnaponicheka) nitampigiaje mama mkwe kelele?

"Respa, mwambie Mama ashike ubao."

"Kwa nini?"

"Breki imekataa."

Na Respa, mtoto aliyelelewa vizuri, akageuka polepole akasema, "Mama, anaomba, kama si vibaya, ushike ubao."

"Nishike kwa nini? Kwani anaendesha vipi?"

Jibu halikumfikia. Nilikuwa nimeiacha barabara ili nisiingie kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nikapita juu ya nyasi, nikang'oa nguzo ya baraza la duka la Bwana Ramji, mabati yakaanguka, na pikapu ikasimama pua ikiwa ndani ya ukuta na unga ukitumwagikia kama baraka. Mimi na Respa tulikuwa wazima. Nyuma, Mama alikuwa amebanwa katikati ya magunia, kiti kikiwa juu yake, na debe la mafuta taa lilikuwa limepinduka dukani, mafuta yanatiririka kuelekea injini inayofuka moshi. Respa alivuta akashindwa. Bwana Ramji alikuwa mzee, hana nguvu. Askari aliyekuwa akinywa chai barazani alikuwa na unga machoni, haoni kitu.

Nikapanda, nikamkumbatia mama mkwe, nikamwinua kifuani, nikamshusha hadi ng'ambo ya barabara. Alijifunika uso kwa kitambaa chake, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Askari akaja akijifuta macho. "Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna, afande."

"Haya. Leta cheti ya ukaguzi."

Nikaanza kupekua mifuko, wa kushoto, wa kulia, wa ndani, nikijua vizuri kabisa kwamba hakuna kitu, na yeye akanisubiri kwa upole mkubwa.

Kwenye ofisi ya bima karani alinisikiliza hadi mwisho. "Huyo mama angevunjika mguu, kampuni ingemlipa, halafu ingekugeukia wewe ikudai yote," akaniambia. "Lakini ukuta wa duka hatugusi. Gari bila cheti, breki mbovu, hiyo mzigo ni yako, ndugu yangu." Na hiyo ndiyo bima niliyokuwa nikijivunia.

Lililoniumiza zaidi lilitoka Molo. Baba yake Respa alituma neno kwamba mtu aliyemgusa mama mkwe lazima alete mbuzi wa kuisafisha aibu hiyo, na hata huyo mbuzi asubiri kesi iishe, kwa maana yeye hamwozi binti yake kwa mfungwa. Mama mwenyewe alikuwa amenyamaza, hakuna aliyejua ana nini moyoni. Nilikonda, jamani. Nilimpenda Respa kuliko pikapu, na sikuwa nimelijua hilo hadi siku ile.

Kortini Nakuru nilikubali kosa la cheti. Lakini kulikuwa na kosa lingine la kuhatarisha abiria, na shahidi alikuwa Mama. Akaingia, akasimama akiangalia ukuta, mgongo wake kwangu.

Mkalimani akamwambia, "Mama, geuka umwonyeshe hakimu mtu aliyekuwa anaendesha gari."

"Sigeuki."

Hakimu, ambaye alikuwa mzungu, akauliza kama ananiogopa.

"Nimwogope kwa nini? Alinitoa nisiungue," Mama akasema. "Mwambie mzungu, huyu ni mkwe wangu. Mkwe hatazamwi."

Mkwe. Nyuma yangu Respa akaangua kilio, na mimi mshtakiwa nikalia hadi kamasi, hakimu akadhani najutia breki. Kosa la kuhatarisha abiria akaliondoa, la cheti akanitoza faini kamili.

Pikapu ikauzwa ili ukuta wa Bwana Ramji usimame, mbuzi akachinjwa, na Respa akaja kwangu Bondeni kwa miguu, sanduku kichwani. Baadaye nilipata gari jingine, na cheti kikikaribia kuisha mimi huwa wa kwanza kwenye foleni ya ukaguzi, watu wakinicheka. Wacheke tu. Faini ukilipa imekwisha, na bima ikikukana unauza ulicho nacho. Lakini yule mama aliyenitetea mbele ya mzungu, hadi anaingia kaburini sikuweza kumwambia asante kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimtuma Respa.