Mdomo wa Bati

Nyumbani kwangu Rau kuna chumba ambacho mke wangu hakanyagi. Ndani yake nimepanga mashine kuukuu za kufyonza vumbi, kumi na tisa kwa hesabu, na sakafu ya nyumba nzima ni saruji tupu, zulia hatuna. Majirani wananiuliza kama nasubiri vumbi la Moshi liongezeke ndipo niziwashe. Huwa nawajibu kwa ukali, maana anayekusanya redio za zamani anaitwa mtaalamu, lakini anayekusanya vakyumu anaonekana amerukwa na akili.

Nimeziokota kila mahali. Moja niliikuta Bomang'ombe chini ya meza ya muuza vyombo vya mitumba, nyingine kwenye banda la misheni, kuku anaitagia. Ya Holili ilikuja imefungwa kwa kamba ya katani, na aliyeniuzia alidhani ni pampu ya maji. Nikizipata nazifungua, nabadilisha kaboni za mota, nasugua kutu, narudisha rangi. Na chochote kilichoongezwa na mikono ya watu baada ya kiwandani, nakiondoa. Neno langu kubwa lilikuwa "asili". Nilijiona mtunza kumbukumbu, na leo nikiandika hivyo naona haya.

Nzuri kuliko zote ilikuwa ya mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba, anayeishi peke yake kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huko juu mlimani, kati ya migomba na kahawa. Baba mkubwa alikuwa mtumishi wa nyumbani kwenye shamba la mlowezi mmoja. Mlowezi alipofunga virago alimwachia vakyumu yake, ya mviringo na ndefu, ya kuburutwa sakafuni juu ya vyuma viwili. Kijijini nani alikuwa na zulia? Lakini baba mkubwa aligundua kwamba upande wa nyuma, hewa inapotokea, mashine inapuliza kwa nguvu. Umeme ulipowafikia, alikata debe la mafuta ya kupikia, akalikunja, akalilehemu pale nyuma likawa mdomo mpana na bapa. Tangu siku hiyo vakyumu ikawa ya kupeperushia makapi ya ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama mkubwa alikuwa anamwaga ulezi polepole mbele ya ule mdomo, punje zinaangukia turubai, makapi yanaishia migombani.

Alinisimulia mwenyewe kwamba mumewe aliunguza vidole viwili siku ya kuulehemu, na kwamba aliutengeneza kwa sababu bega la mkewe lilikuwa limeanza kuchoshwa na ungo. Nilisikia yote hayo nikiwa na kibuyu cha mbege mkononi. Halafu nikamwambia, "Mama mkubwa, mota inalia vibaya. Niachie nikaitengeneze."

"Utairudisha kabla ya kipaimara cha mjukuu wangu? Mbege ya siku hiyo ni juu yangu."

"Wiki mbili tu, mama."

Nilikaa nayo miezi mitano. Kaboni nilizibadilisha siku ya kwanza, na kwa kweli kazi iliishia pale. Kisha nikautazama ule mdomo, maandishi ya debe bado yanasomeka, alama za nyundo zimejaa, nikaona unaniharibia mashine. Nikaubandua kwa tindo. Ulikuwa mzima kabisa. Ulinigomea karibu saa nzima. Alipopita mnunuzi wa chuma chakavu, nikautupia kwenye mkokoteni wake. Nikaipiga vakyumu picha, nikaituma kwenye kundi letu la wakusanyaji kwenye simu. Mmoja akaandika, "Hii ni asili yenyewe!" Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Kipaimara kilipokaribia mama mkubwa alinipigia simu mara tatu. Mara mbili sikupokea. Baada ya ile ya tatu nikapanda kwake na vakyumu, nimeifuta mpaka inang'aa. Nilimkuta uani na ungo, bega la kulia amelifunga kanga. Anapepeta kidogo, anapumzika, anapepeta tena.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Kumbe umeileta!"

Alinyanyuka kwa shida, akaipapasa, akaisifu rangi, akasema hata ilipotoka kwa mzungu haikuwa hivi. Akaigeuza. Akapitisha kiganja nyuma, pale palipokuwa na bati.

"Na mdomo wake?"

Nilitakiwa niseme hapo. Yalikuwa maneno mawili tu, niliubandua, nikautupa. Badala yake nikasema, "Ulikuwa umeoza kwa kutu, mama. Nilipougusa tu, ukavunjika vipande vipande." Nikamwonyesha na kwa vidole jinsi ulivyosagika, kana kwamba uongo mtupu haukutosha.

Akakaa tena kwenye stuli. Akautazama ulezi.

"Basi ni mimi," akasema. "Mvua za masika nilikuwa naiacha hapo barazani. Mzee alikuwa ananiambia kila siku, mama, ifunike, bati litaoza. Nikawa nasema kesho."

"Si kosa lako," nikamwambia. Hilo lilikuwa neno la kweli pekee nililomwambia siku ile, na sikulieleza. "Nitampa fundi mjini akuchongee mwingine."

"Sawa, baba. Ila kwanza niende kwa mzee."

Alikwenda kwenye uzio, akachuma jani la isale, lile ambalo sisi humpelekea mtu tuliyemkosea kumwomba msamaha, na ambalo mtu akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Kaburi la baba mkubwa liko palepale kihambani, nyuma ya jiko. Nilimfuata kwa sababu sikujua nikae wapi. Alifanya ishara ya msalaba, akalilaza jani juu ya saruji ya kaburi, akaanza kuzungumza na mumewe kwa sauti ya kawaida, kama anamwita kutoka chumba cha pili. Alimwambia kwamba kazi ya mikono yake ameiacha ikaoza. Kwamba aliambiwa na hakusikia. Kwamba amsamehe.

Lile jani lilikuwa langu, mimi ndiye niliyetakiwa kulichuma, na wa kupelekewa alikuwa yeye. Nafasi ya kusema bado nilikuwa nayo. Hapakuwa na mtu mwingine wa kunisikia, ila yeye na marehemu. Nilifungua mdomo, nikaifikiria sura yake itakavyokuwa akijua, nikaufunga.

Mama mkubwa akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Na wewe, mwanangu, niombee kwake. Alikuwa anakupenda sana, wewe atakusikia."

Nikasogea mpaka ukingoni mwa kaburi, nikainamisha kichwa. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika vizuri, "Baba mkubwa, msamehe mama."

Akanishika mkono, akanishukuru.