Mzee wa Forodha na Mwanafunzi Wake Mmoja

Darasa la Massoudi limejaa watu wanaojiandaa kwa mtihani wa kazi za serikali, lakini kila alasiri yeye hupitia mtaa wa Buyenzi kwa makusudi, kumchungulia mstaafu wa forodha aliyemnyang'anya Saliha, aliyekuwa mwanafunzi wake bora. Kwa mzee huyo ubao hakuna. Saliha hujisomea mwenyewe. Mzee humuuliza maswali tu, kisha hungoja huku akipapasa goti lake lililovimba, hata risasi zikilia upande wa mtaa wa Kamenge. Saliha akipatia jibu, mzee humsogezea kikombe cha chai. Kikombe hicho ndicho kinachomchoma Massoudi rohoni. Yeye hueleza mpaka koo linakauka, na hakuna anayemtazama kwa macho yale ambayo Saliha humtazamia mzee.

Juzi Saliha aliuliza habari ya sheria mpya ya ushuru. Mzee akakuna kidevu, akacheka kidogo.

"Mi sijui, mama. Tutafute pamoja." Kisha akamwona Massoudi penye ua. "Mwalimu, we unaijua?"

Saliha akamgeukia Massoudi kwa macho yale yale.

"Naijua," akasema Massoudi, "lakini maaskari hufunga barabara giza likiingia, acha niwahi."

Jua lilikuwa bado kali.